Kufifisha nyuma na kubakiza rangi kwenye picha ya familia

Kabla hujagusa kitufe chochote, uliza picha itatundikwa wapi na nani atakuwa anaitazama. Ninahariri na kuchapa picha Kirumba, hapa Mwanza, na kazi nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za familia: ubatizo, komunyo ya kwanza, mahafali, send-off, watoto waliotoka Dar kumsalimia bibi yao na jioni wakashuka naye ziwani. Maombi huwa yale yale mawili. Mmoja anasema, "Dada, nifutie huko nyuma, pabaki ukungu tu." Mwingine anasema, "Wote weka nyeusi na nyeupe, mtoto peke yake abaki na rangi." Yote yanawezekana, kwa simu au kwa kompyuta, bila kulipia programu. Lakini yote mawili ni kazi ya kuondoa. Ukungu unaondoa umbo la kitu, nyeusi na nyeupe inaondoa rangi yake. Kwa hiyo anza na kujua familia iko tayari kukosa nini.

Alikuja mama mmoja wa Luchelele na picha ya familia yake wakiwa ufukweni. Wajukuu wamechuchumaa mbele, wakubwa wamesimama, na nyuma yao mtumbwi umepinduliwa juu ya mchanga. Alitaka nyuma kote kufutike.

"Mama, huu mtumbwi ni wa nani?"

"Wa marehemu baba yao, mwanangu. Alikuwa anavulia."

Mtumbwi tukauacha. Tulififisha vilivyokuwa mbali zaidi yake: bajaji iliyoegeshwa, beseni za dagaa, vijana waliokuwa wanapita. Mama mwenyewe alikuwa ameutazama mtumbwi ule miaka yote mpaka akaacha kuuona, lakini wajukuu wanaokulia mjini watauliza habari zake.

Sisi wa Mwanza mandhari yetu inatambulika. Jiwe la Bismarck likiwa nyuma ya bibi harusi, hata mtu wa Songea anajua picha imepigwa wapi. Ukilipiga ukungu mzito linabaki doa la kijivu, lingeweza kuwa ukuta wa ghala. Mawe, maji, feri ya Kamanga ikikatiza, kilima cha Bugando na hospitali yake juu, hivyo vipunguze makali kidogo tu, vibaki vinasomeka. Nguzo ya umeme inayomwotea shangazi kichwani, pikipiki ya mtu asiyehusika, kamba ya nguo zilizoanikwa, bango la kampuni ya simu, hivyo vifute kabisa.

Faili, halafu mwanga

Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa. Mara nyingi upande wake mrefu unabaki na pikseli 1600 hivi, yaani vile vijinukta vinavyoiunda picha. Kwenye kioo cha simu huoni tatizo, lakini kwa uchapaji mzuri tunahesabu nukta 300 kwa inchi, na pikseli 1600 zinakupa inchi tano na kidogo. Karatasi ya A4 inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Mwambie aliyepiga aitume kama dokumenti, au aje na simu yenyewe muitoe kwa waya. Picha iliyobanwa ina vijimraba kwenye kingo za nywele na vilemba, na hapo ndipo kumtenganisha mtu na mandharinyuma kunaposhindikana hata kwa fundi hodari. Ukishaipata, nakili. Faili ya asili haiguswi.

Kama wewe ndiye unayepiga, kazi ya ukungu ianze hapo hapo. Mambo yanayoamua ni ukubwa wa tundu la lenzi, urefu wa lenzi, na umbali: kamera kutoka kwa mtu, na mtu kutoka kwa kilicho nyuma yake. Simu ina lenzi fupi na kihisi kidogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ndiyo maana kila kitu kinatoka na makali, kuanzia pua ya mtoto hadi kisiwa cha Saanane. Ule mtindo wa picha ya mtu ambao Apple iliuweka kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, na leo hata simu za bei ya kawaida zinao, unakisia umbali wa vitu kisha unatengeneza ukungu kwa hesabu. Usaidie kwa kuwatoa watu kwenye ukuta au kwenye jiwe. Wakisogea mbele hatua tano au sita, nyuma kunalainika kwa uhalali na hata ukija kuhariri unapata kingo safi.

Vijana wenye kamera za kubadilisha lenzi wanaipenda ile ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi), nami naipenda kwa mtu mmoja. Kwa familia yenye safu mbili, ukiifungua hadi mwisho, safu moja inatoka kali na nyingine inalegea. Bibi amekaa mbele, watoto wake wamesimama nyuma: funga hadi f/5.6 au f/8. Ukungu unaweza kuuongeza baadaye nyumbani ukiwa umetulia, lakini uso uliopigwa nje ya makali haurudi.

Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Saa sita au saa saba mchana jua liko utosini, macho yanageuka mashimo meusi na kivuli cha pua kinaangukia mdomoni. Hakuna programu inayolitibu hilo vizuri. Piga kuanzia saa kumi na moja jioni. Kwenye ufukwe wa mjini wakati huo jua liko upande wa ziwa, kwa hiyo ukiwapanga watu na maji nyuma yao, nyuso zinakuwa kivulini na maji yanametameta. Wageuze wakae ubavu kwa jua. Mwanga wa ubavuni unachora ukingo wa bega na kichwa, na ukingo ulioonekana vizuri ndio utakaokurahisishia kazi ukikaa kuhariri.

Kufifisha nyuma

Kwenye simu natumia Snapseed, programu ya bure ya Google. Chombo chake cha "Lens Blur" hakijui mtu ni yupi. Kinakupa duara au mistari miwili sambamba, ndani pabaki na makali, nje pawe ukungu, na katikati mpito ambao unaupanua au kuubana. Kwa uso peke yake duara linatosha. Kwa watu waliosimama mzima chagua mistari, ilaze sambamba na ardhi, ukanda wenye makali upite kwenye miguu yao na ardhi wanayoikanyaga. Vichwa vitafifia pamoja na mandhari, usiogope. Ukimaliza, fungua orodha ya hatua ulizofanya, panapoandikwa "View edits", gusa hatua ya ukungu, chagua brashi. Ukungu utatoweka kwanza picha nzima. Bonyeza alama ya kugeuza ili urudi wote, weka nguvu ya brashi sifuri, kisha futa ukungu juu ya watu. Brashi yenyewe haibadiliki ukubwa, ila ukivuta picha karibu inakuwa ndogo kulinganisha na kichwa. Kwa hiyo kifuani paka kwa mbali, masikioni na vidoleni vuta karibu sana.

Hiyo inatosha kwa picha ya kutuma kwa ndugu. Kwa picha ya fremu nakaa kwenye kompyuta na GIMP, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 1996 na inayofanya kazi kwenye Windows na Linux. Kazi yake ni ya leya, yaani picha juu ya picha, na maski, yaani karatasi ya kufunika leya: palipo peupe leya inaonekana, palipo peusi imefichwa, palipo kijivu inaonekana nusu. Maski ina faida kubwa kuliko kifutio, kwa kuwa hakuna kinachopotea. Umekosea sikio, unapaka nyeupe, sikio linarudi.

Nakili leya ya picha mara mbili. Ya chini kabisa ni asili, usiiguse. Ya kati itakuwa mandharinyuma. Ya juu itakuwa watu. Kwenye leya ya juu weka maski nyeupe, kisha paka nyeusi kila mahali pasipo na mtu, au wazungushie watu kwa zana ya kuchagua huru halafu ulainishe ukingo pikseli mbili au tatu kwa picha yenye upande wa pikseli 3000 au zaidi. Ukingo mkali kama wembe unaonekana umebandikwa, na uliolainika mno unafanya bega liyeyuke.

Halafu kuna hatua ambayo wengi wanairuka, na ndiyo inayotofautisha kazi. Nenda kwenye leya ya kati uwaondoe watu. Chukua zana ya kunakili, ile yenye alama ya muhuri, ukavute mchanga, maji na mawe ya jirani uyaingize ndani ya kingo za miili yao. Haihitaji kupendeza, maana itafunikwa. Inahitajika tu kitenge chekundu kisibaki pale. Ukikiacha, ukungu utaikokota ile nyekundu kuitoa nje ya mwili, na kila mtu atakuwa na mng'ao kuzunguka mabega kama sanamu ya mtakatifu. Ukishawaondoa, fifisha leya ya kati kwa "Gaussian Blur" au "Lens Blur". Kwa picha yenye upande mrefu wa pikseli 4000 naanza na pikseli 12 hadi 15. Kwa ile ya pikseli 1600, 5 au 6 zinatosha. Kiasi kinategemea ukubwa wa picha, kwa hiyo usinakili namba ya mtu bila kujua picha yake ilikuwa kubwa kiasi gani.

Sasa ardhi. Hapa ndipo picha nyingi za Mwanza zinapoharibikia, kwa sababu tunapenda kupiga juu ya mawe. Jiwe linaanza chini ya miguu ya familia na kuendelea hadi majini bila kukatika. Ukikata watu tu na kufifisha vyote vingine, familia inaelea: viatu vina makali, jiwe walilokanyaga ni ukungu. Lenzi halisi haifanyi hivyo. Lenzi inafuata umbali. Kila kilicho umbali sawa na miguu yao lazima kiwe na makali sawa na miguu yao, hata kama kiko pembeni mwa picha. Kokoto iliyo hatua mbili kulia kwa mtoto ni kali. Nyuma yao kidogo imelegea kidogo. Ng'ambo kule Sengerema ni ukungu kamili. Kwa hiyo kwenye maski ya leya ya juu ongeza mpito: ukanda mweupe wa ardhi kuanzia miguuni, ugeuke kijivu taratibu kuelekea nyuma, uishie mweusi. Mtumbwi uliolala mshazari, omo karibu nasi na tezi kuelekea majini, nao upate mpito wake, mbele ukiwa mkali na nyuma umefifia. Nikipokea picha kutoka kwa wanaojifunza naangalia miguu kabla ya nyuso.

Halafu kagua vitundu. Kati ya mkono na kiuno cha mtu aliyejishika nyonga kuna kipande cha mandhari, kifuate. Kati ya fimbo ya babu na mguu wake, vivyo hivyo. Ndani ya heleni kubwa za duara. Nyuma ya vioo vya miwani, kama mtu ametazama pembeni na ziwa linaonekana kupitia kioo. Watoto walionyolewa ni rahisi, kichwa kina ukingo mmoja. Rasta zilizoachiwa na nywele za kuchana zinataka subira: usijaribu kukata kila unywele, tumia brashi laini yenye nguvu kama asilimia 30, pita mara kadhaa kwenye ukingo wa nje, ukubali nywele chache ziende na ukungu. Kilemba chenye ncha zilizosimama kikate kwa makini yote, maana mwenyewe alikifunga kwa nusu saa na ndicho atakachokitazama kwanza.

Maji yana jambo lake. Vimeta vya jua juu ya ziwa, kwenye lenzi halisi, vinapanuka kuwa viduara vyenye mwanga. Ukungu wa Gauss unavipaka tu vikawa utando mweupe. Kama nyuma kuna vimeta vingi, tumia ule wa lenzi. Na baada ya ukungu wowote, nyuma kunakuwa laini kupita kiasi huku ngozi na nguo zikiwa na chembechembe za kamera. Ongeza chembechembe kidogo kwenye leya iliyofifishwa mpaka zilingane. Zinasaidia pia anga ya jioni isitoke na mistari ya ngazi ikichapwa.

Kubakiza rangi

Hapa nina msimamo na ninausema wazi kwa kila mteja. Usiache gauni lina rangi huku uso ni wa kijivu. Kwetu uso wa kijivu uliozungukwa na ua au kitambaa cha rangi tumezoea kuuona kwenye tangazo la tanzia na kwenye kitabu cha ibada ya mazishi. Mtoto wa komunyo mwenye uso wa kijivu na shada lenye rangi atamshtua bibi yake, hata kama bibi hatasema kwa nini. Ukibakiza rangi kwa mtu, mbakizie mtu mzima: ngozi, nguo, viatu, na ua alilolishika.

Pili, fikiri wenzake wanaambiwa nini. Rangi ikibaki kwa mmoja, waliobaki wamegeuzwa kuwa mandhari. Kwenye picha ya mhitimu na wazazi wake hilo ni sawa, siku ni yake na wazazi wenyewe ndio walioagiza. Kwa mapacha, usifanye. Kwa watoto wa mama wawili kwenye picha moja, usifanye hata ukiombwa, mpaka umeuliza mara ya pili. Kwa bibi na mjukuu aliyempakata, waache wote wawili na rangi, waliobaki wawe kijivu. Na familia ikivaa sare ya kitenge, kumwachia rangi mmoja kunafanya vya wengine vionekane vimechuja. Kwa sare mimi hubakiza rangi kwa watu wote na kuiondoa kwenye mandhari pekee: ufukwe wa kijivu, mawe ya kijivu, ziwa la kijivu, na katikati familia nzima na njano na bluu yao. Sijaona mtindo unaopendeza kuliko huo kwa picha ya ziwani, na hakuna anayebaki nje.

Utekelezaji wake kwenye GIMP ni mwepesi kuliko ukungu. Nakili leya, ya juu uitoe rangi, weka maski nyeupe, paka nyeusi juu ya mtu anayebaki na rangi. Ile ya chini inachungulia. Kwenye kibodi, D inaweka rangi za brashi kuwa nyeusi na nyeupe, X inazibadilishana, na mabano ya mraba yanapunguza na kuongeza ukubwa wa brashi. Kwenye Snapseed chagua "Black & White", kisha rudi kwenye orodha ya hatua na brashi kama tulivyofanya kwa ukungu.

Zipo programu zinazokuahidi kugusa rangi moja na kuacha nyingine zote zigeuke kijivu. Kwa picha zetu zinadanganya. Ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, iko kwenye eneo la rangi ya chungwa, karibu kabisa na udongo mwekundu, tofali za kuchoma na mchanga. Ukigusa kanga nyekundu unapata na nusu ya uso wa shangazi na ukuta wa jirani. Ukigusa kitenge cha kijani unapata magugu maji yote yaliyosogea ufukweni. Bluu ya sweta la shule inaleta na kipande cha ziwa. Paka kwa mkono.

Kugeuza kuwa kijivu nako kuna namna. Jicho letu linauona mwanga wa kijani kuliko mwingine, kwa hiyo hesabu moja ya kawaida inaipa kijani karibu asilimia 59, nyekundu 30 na bluu 11. Ndiyo sababu sweta la bluu linatoka jeusi na blauzi ya njano inatoka karibu nyeupe. Na ndiyo sababu dada mwenye kanga nyekundu na wifi yake mwenye kitenge cha kijani kilichokolea, waliotofautiana kabisa kwenye rangi, wanaweza kutoka kijivu kimoja, wameungana mabega usijue mmoja anaishia wapi. Vichujio vya rangi vilivyo ndani ya "Black & White" vinasaidia kuwatenganisha. Kichujio cha chungwa kinang'arisha ngozi, kitumie kidogo, kwa ajili ya macho yaliyozama kivulini. Babu asitoke mweupe kuliko alivyo. Watu wanajua rangi za wazee wao.

Sehemu ya kukaa nayo muda mrefu ni vidole. Baba amemshika mtoto begani: mtoto ana rangi, mkono wa baba ni wa kijivu. Kuza hadi asilimia 200, pita ukingo wa kila kidole kwa brashi ndogo, na kwenye mstari mwembamba wa kivuli chini ya kidole uache kijivu kishinde. Mkono unakwenda na mwenyewe siku zote. Kiganja chenye rangi kwenye mkono wa kijivu kinatisha. Angalia pia rangi iliyomwagikia: shati la kijani la baba linatupa kijani kwenye shavu la mtoto aliyepakatwa. Wote wakiwa na rangi hakuna anayeiona. Baba akigeuka kijivu, shavu linabaki na doa lisilo na sababu. Punguza ukolezi wa rangi pale kwa brashi hafifu.

Na usiondoe rangi yote. Shusha uzito wa leya ya kijivu hadi asilimia 85 au 90, ili mandhari ibaki na dalili ya rangi zake. Jicho halioni ujanja haraka, na pale maski yako ilipokosea kwa pikseli moja au mbili hapapigi kelele.

Ukungu na rangi kwa pamoja navitumia mara chache. Kimoja kikifanya kazi yake vizuri, cha pili kinakuwa kelele. Mteja akishikilia, fifisha kwanza, tena kwa nusu ya kiasi ulichokusudia, kisha ondoa rangi kwa kutumia maski ile ile ya watu, ukiigeuza nyeupe iwe nyeusi, bila mpito wa ardhi. Ukichora maski mbili tofauti kingo hazitakutana, na kila mtu atapata uzi wa rangi pembeni yake.

Kuchapa

Kijivu kwenye kioo na kijivu kwenye karatasi ni vitu viwili. Printa inayochanganya wino za rangi kutengeneza kijivu inaweza kuegemea kijani au waridi, na kwa kuwa katikati ya picha kuna mtu mwenye rangi halisi, kosa hilo linaonekana haraka. Chapa kwanza ukanda mwembamba wenye kipande cha uso na kipande cha mandhari, uupeleke nje mlangoni uutazame kwa mwanga wa mchana. Taa ya dukani haitakuambia ukweli. Ukiona kijani, tia joto kidogo kwenye leya ya kijivu, uelekee hudhurungi hafifu, kisha chapa ukanda mwingine. Itazame pia kwa umbali wa kutoka kwenye kochi hadi ukutani, kwa kuwa huko ndiko itakakoishi. Mambo ya masikio na vidole yanaonekana kwa karibu, lakini ardhi inayoelea na ukungu uliozidi vinaonekana ukisimama mbali.

Mteja mpe faili mbili, ya asili na iliyohaririwa, zikiwa na majina yanayoeleweka: mwaka, tukio, na mwishoni neno "asili" au "hariri". Ya asili ina thamani sawa na hiyo nyingine, kuna siku watataka kuona ile bajaji na zile beseni za dagaa. Faili ya GIMP yenye leya na maski zake, inayoishia na XCF, ibaki kwenye mashine yako na nakala yake kwenye diski ya pembeni. Shangazi mwingine akipiga simu kuomba naye arudishiwe rangi, unafungua maski, unampaka nyeusi, na picha iko tayari kabla hajafika dukani.